Chupa ya Mzee Dilawar

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Dilawar Madatali, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Don Mills hapa Toronto. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka themanini na mbili. Alifariki roho imetulia, na hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Alifika hapa mwaka 1973, akapata kazi katika kiwanda cha rangi kando ya Mto Don. Enzi hizo mto ule ulijaa taka za viwanda, na harufu yake ilikufanya uzibe pua. Kila Ijumaa Dilawar aliosha mapipa, na maji yale ya rangi akayamwaga mtoni. Aliagizwa, naye akatii. Wiki hii mto mwekundu, wiki ijayo wa buluu, kama kanga zilizoanikwa.

Kiwanda kilifungwa, lakini moyo wake ulibaki ukimsuta. Ndipo alipoanza desturi yake. Kila mwezi wa Mei alikwenda mtoni na chupa tupu ya achari, akachota maji, akayaweka dirishani yatulie. Kisha alimsimamisha binti yake, Kubra, upande wa pili, akamtazama kupitia chupa. Miaka nenda, miaka rudi, jibu lilikuwa lile lile: "Sikuoni, mwanangu."

Mkewe, Bi Kulsumbai, mwaka mmoja aliyamwaga akidhani ni maji aliyooshea mchele. Mzee alinuna siku tatu, kisha akavaa kofia akaenda kuchota mengine. Mtu na mto wake, jamani.

Nao mto ukaanza kupona. Viwanda vikaondoka, samaki wakarudi, mahali unapoingia ziwani pakachimbwa upya na majani yakapandwa kingoni. Mei hii Mzee Dilawar hakuweza tena kutembea. Kubra alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ukingoni, akamchotea yeye. Maji yalipotulia, Mzee aliinua chupa kwa mikono miwili.

"Alinitazama muda mrefu," Kubra ameniambia. "Akasema, 'Nakuona, mwanangu. Hata kipini chako cha pua nakiona.' Akalia, akacheka, halafu akaomba chai."



Bi Kulsumbai, Kubra, poleni sana. Sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Nanyi wasikilizaji, mkivuka daraja la Don leo, tazameni chini kidogo, na kila mmoja ajiulize yeye amemwaga nini, na wapi.

Chupa ile bado iko dirishani. Safari hii, Bi Kulsumbai amekataza isimwagwe.