Viatu Namba Arobaini na Tatu

Katika treni ya asubuhi, mama mmoja mshonaji alikuwa amepakata mfuko wenye viatu vya kuchezea mpira vya bintiye, mshambuliaji wa timu ya taifa ya wanawake. Alikuwa amevichukua kambini kwa siri.

“Daktari kasema goti lipumzike miezi sita,” alimfokea fundi bomba aliyeketi mbele yake. “Kocha na wenzake wanamchoma sindano za maumivu acheze kesho! Miaka kumi na moja kawafungia mabao, leo wanamkamua kama chungwa!”

“Lakini mama, bila yeye tutafungwa. Na mwenyewe anataka kucheza.”

“Basi wapelekee goti lako, mwanangu!”

Mtu mwenye adabu hasikilizi ya wengine, kwa hiyo nilijificha nyuma ya gazeti, nikasikiliza.

“Ataazima viatu,” fundi akasema.

“Vya nani? Anavaa arobaini na tatu. Wenzake wote wana miguu ya kuku!”

Fundi akafikiri. “Na kocha wake, yule bwana, anavaa namba ngapi?”

Mama akaukumbatia mfuko. Treni ikasimama, naye akashuka akiwa bado ameukumbatia.