Sauti ya Mzee Thongdi na Nyuzi Sitini na Moja

Kahawa yangu naanza kumimina alfajiri, na ikifika saa mbili asubuhi benchi langu hapa kona ya soko, Ayutthaya, limeshahukumu serikali, mpira na ndoa za watu. Juzi lilikuwa zito kidogo, si unajua joto la mwezi wa nne. Mara Jiap huyo, mbio, hata nywele hajachana. Baba yake, mzee Thongdi, ndiye aliyetangaza kwenye kipaza sauti cha kijiji miaka ishirini, na kesho yake watawa walikuwa wanakuja kumwombea siku yake ya mia tangu afariki, tukamchoma kwa desturi yetu. Matangazo yake yamo kwenye diski moja ya kompyuta. Nakala nyingine hakuna.

— Inawaka dakika kumi, inazima! Kompyuta inasema nyuzi joto sitini na moja! Jamani, baba yangu ataungua mara ya pili!

Mjomba Uan, ambaye jina lake maana yake Mnene na mwili wake mbavu tupu, akaweka glasi chini.

— Hilo nalo la kulia? Ifukie kwenye ndoo ya barafu.

— Wee! akaruka Kop. Itoe jasho, unyevu uile? Mimi nimefanya kazi kiwanda cha diski miaka kumi na minane!

— Ulikuwa unabandika lebo, Kop.

— Nilibandika macho wazi! Thelathini mpaka arubaini na tano, diski inaishi raha mustarehe. Hamsini, inaanza kuzeeka. Sitini, itafutie jeneza.

— Ipulizieni feni basi.

— Ninazo mbili, mjomba! Jiap akasema, machozi yanamlengalenga. Zinapuliza moto tu.

Uan akashusha sauti.

— Si joto hilo. Ni hasira. Mzee alinitangaza mara sita nilete mbwa achanjwe, sikuleta.

— Ehee! Kop akapiga paja. Kamchanje mbwa, diski itapoa yenyewe!

Nikawaambia wanywe kahawa wanyamaze. Mtoto wa watu analia, wao wanachanja mbwa!

Shangazi Pian, muuza barafu, alikuwa anashusha gunia langu. Akauliza tu:

— Kwani mmeiweka wapi?

— Juu, shangazi. Rafu ya Buddha, kando ya mishumaa. Sauti ya baba hiyo, niiweke chini kwenye miguu ya watu?

— Na rafu iko chini ya bati?

— Ndiyo.

Kop akainamia glasi yake. Sote marehemu wetu tunawaweka juu, na mimi mwenyewe nisingethubutu kumwambia mtu amshushe baba yake.

— Haya, Pian akasema. Mwezi wa nne kama huu, mchana, yeye mwenyewe alikuwa analala wapi?

Watu wa benchi langu wanajua kila kitu, hilo hawalijui. Jiap akajifuta pua, halafu akacheka.

— Sakafuni. Kwenye vigae, karibu na mtungi wa maji. Shati kavua.

Kesho yake diski ilikaa papo hapo kwenye vigae, juu ya sinia safi, na Kop akaisoma mbele ya watu wote: thelathini na nane. Watawa walipomaliza, sauti ya mzee ikajaa nyumba nzima:

— Uan! Mara ya sita nakwambia, mlete mbwa!

Uan akakutanisha viganja kifuani, akainama mpaka chini.

— Kesho, mzee.