Fruma Kac, Mliyemwita Bronisława

Ndugu, majirani na marafiki, mama yetu mliyemjua kwa jina la Bronisława Dudek alizaliwa hapa Kalinowiec tarehe 9 Machi 1936, akiitwa Fruma, binti wa fundi viatu Mordechai Kac, na kwa kuwa wengi wenu mnalisikia jina hilo leo kwa mara ya kwanza, mtuvumilie, maana hata sisi tunalisoma kwa woga.

Oktoba 1942, Wayahudi wa mji huu walipopelekwa msituni kuuawa, mkunga Stanisława Wrona alimficha, akampa jina jipya na onyo moja, "Ukiulizwa herufi zenu za Kiebrania, wewe hujui hata moja," onyo alilolishika hata vita vilipokwisha. Alisoma shule ya msingi hapa hadi 1951, akafanya kazi katika kiwanda cha maziwa kuanzia 1954 hadi 1991, akafunga ndoa na Czesław Dudek tarehe 15 Juni 1957, akakaa karamuni uso ukielekea mlangoni, wakajaliwa Halina na Marek, waliofundishwa kutofungua mlango kwa hodi ya kwanza wala ya pili.

Juni 2006 alikuwa akikata majani ya sungura penye makaburi ya Wayahudi, mzee mgeni kutoka Montevideo akamwita akiwa nje ya ukuta, "Mama, nisaidie, mimi ni mwanamume wa ukoo wa makuhani, siruhusiwi kuingia makaburini, natafuta jiwe la babu yangu, limechongwa mikono miwili ya kubariki." Akamjibu, "Humu kuna mbuzi tu, baba," lakini miguu ilikwisha kumfikisha penye jiwe hilo, akafuta kuvu kwa aproni, akasoma kwa sauti, katika herufi zile alizokatazwa, jina la Naftali Kac, babu yake mwenyewe. Kule ukutani mgeni akauliza taratibu, "Nani alikufundisha kusoma hivyo?"

Alikimbia, akauacha mundu, akajifungia siku tatu. Halina alidhani anahofia nyumba, kama wengi hapa wanavyowahofia wageni wa namna hiyo, wakidhani wamekuja kudai nyumba za Wayahudi waliouawa, akamtania, "Mama, hii nyumba baba kaijenga mwaka sitini na mbili, huyo mzee atadai nini, jiko?" Naye akasema, "Nyumba hawezi. Atanidai mimi."

Siku ya nne mgeni aliuweka mundu kizingitini, hakubisha hodi, akakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara mpaka mama akafungua mwenyewe. Mgeni huyo alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, aliyehama kabla ya vita, naye amepewa jina la babu yao, Naftali. Tangu hapo alikuja kila kiangazi, mkaambiwa ni mpangaji, kwa sababu mama alikataa lolote lisemwe mpaka siku ambayo hakuna mtu angeweza kumfanya kitu.

Alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2012, akafariki tarehe 14 Novemba 2014, na leo tunamlaza kando ya babu yake, kama alivyotaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, na jirani yetu Jadwiga, aliyeleta supu miaka yote na kungoja mlangoni bila kuuliza kwa nini tunakawia kufungua. Naftali amesimama nje ya ukuta, kama siku ile, anatusikiliza.

Fruma binti Mordechai, tumelitaja jina lako mbele ya watu, mchana, kama ulivyoagiza. Hakuna tena wa kukubishia hodi, mama. Pumzika.