Viini Thelathini na Viwili au Kumi na Sita

Benchi la kijiwe cha Chemchem liko mbele ya kibanda cha Shomari, fundi cherehani, na mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo kila anayecheka sana huwayumbisha wenzake. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa amecheka bado. Sikuzani, muuza kahawa, alishamimina mara mbili na Majidi hajagusa kikombe chake. Majidi ndiye mtu wa kompyuta wa ushirika wa wafuga nyuki, kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja, na saa sita kamili katibu wa ushirika angempigia simu kumuuliza neno moja tu: tunaagiza seva yenye prosesa ipi? Msimu uliopita mfumo wa kuandikisha uzito wa asali ulisuasua, foleni za ndoo zikakaa juani, wanachama wakachoka, wakawauzia walanguzi asali yao njiani. Mambo yangejirudia, mkataba wake ungeishia hapo, na wanachama wengi wasingerudi tena. Alikuwa amekuja kijiweni kutuliza akili. Hilo lilikuwa kosa.

— Hebu tueleze kama watu wazima, — alisema mzee Lugembe, mstaafu wa reli ambaye wenzake humwita Breki kwa sababu hana.

Majidi alikunjua karatasi yenye majedwali.

— Prosesa ni ubongo wa mashine. Ya kwanza ina viini thelathini na viwili, na kila kiini kinafanya kazi yake, ila kwa mwendo wa wastani. Ya pili ina viini kumi na sita, lakini kila kimoja kina kasi zaidi. Ukizipa kazi nyingi ndogondogo kwa pamoja, ya kwanza inashinda. Ukizipa kazi moja nzito, ya pili inamaliza mapema. Ya kwanza ni ghali zaidi kwa theluthi, na inakula umeme.

— Thelathini na viwili ni vingi kuliko kumi na sita, — alisema Lugembe. — Kesi imekwisha. Sikuzani, kahawa.

— Mzee wangu, si suala la wingi tu.

— Wewe ulisoma chuo gani ambako kumi na sita inazidi?

Shomari alisimamisha cherehani yake.

— Breki, usimpoteze mtoto. Mimi nikiwa na kanzu moja ya kesho Ijumaa, nikaita mafundi thelathini na wawili, mmoja atashona. Wale wengine watashika nini? Vifungo?

Majidi alimgeukia kwa shukrani.

— Hapo hapo, mzee Shomari! Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

— Kwa hiyo achana na prosesa. Nunueni cherehani.

Majidi alifumba macho.

— Kaka, unahangaika bure, — alidakia Deus, muuza vocha, ambaye kijiwe kizima kinamjua kwa jina la Kifurushi. — Chukua ile yenye viini thelathini na viwili. Nyie mtatumia kumi, si ndiyo? Vile vilivyobaki tunavikodisha kwa watu wa tumbaku kule Urambo.

— Tutavipelekaje Urambo, Deus?

— Kwa intaneti, kaka! Mbona unazingua? Na kifurushi nitawauzia mimi.

— Na siku ushirika ukivihitaji vyote?

— Tunawakatia. Tunasema mtandao uko chini. Nani atabisha?

— Kijana ana akili, — alisema Lugembe. — Ila mfano mzuri ninao mimi. Babu yangu alibeba mizigo kwa miguu, hapa hadi pwani. Unadhani walimtuma mtu mmoja mwenye mbio? Walikwenda mamia, polepole, na mzigo ukafika.

— Ukafika baada ya miezi mitatu, — alijibu Shomari, — na kila kijiji walichopita walikula. Hiyo posho si ndiyo umeme anaousema huyu?

Majidi alitaka kucheka, akashindwa. Safu ya mwisho ya jedwali lake ilisema jambo lile lile kwa tarakimu, na ilimchukua siku mbili kuielewa.

— Ngoja kwanza, — alisema Lugembe. — Hiyo mashine inatoa joto?

— Inatoa, mzee. Ya kwanza zaidi.

— Basi! Asali ikiganda kwa baridi ya Juni, unapanga ndoo juu ya mashine. Viini thelathini na viwili chini, ndoo juu. Unahesabu uzito na unayeyusha asali kwa umeme ule ule. Hiyo ndiyo thamani ya pesa. Andika kwenye jedwali lako.

— Siandiki asali iliyoganda kwenye jedwali la prosesa!

Sauti yake ilivuka barabara. Sikuzani aliondoa kikombe kilichopoa, akamwekea cha moto. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Wakati huo akafika mama mmoja mwenye kapu, miguu imejaa vumbi la safari.

— Shikamooni.

— Marahaba, Kabula, — aliitikia Shomari. — Vitambaa vyako vya kuchujia asali viko tayari. Majidi, huyu ni mwanachama wenu wa Ipole.

— Mama, shikamoo, — alisema Majidi.

— Marahaba, mwanangu.

— Haya, mwenye asali amekuja mwenyewe, — alisema Deus. — Mama, viini thelathini na viwili au kumi na sita?

— Viini vya nini?

Majidi alieleza tena, kwa uchovu, na safari hii aliongeza sababu.

— Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kwamba msimu uliopita, pale kituoni kwenu, kila ndoo ilichukua karibu dakika nne kuingizwa. Dakika nne kwa ndoo moja! Ndiyo maana tunataka prosesa yenye nguvu.

— Hizo dakika zinaanzia wapi?

— Karani anapofungua jina la mwanachama, mpaka anapobonyeza kuhifadhi.

Kabula aliweka kapu chini.

— Lakini pale kwetu karani akishasoma mzani anautaja uzito kwa sauti. Mwenye ndoo naye anautaja, watu wasikie. Asipokubali, ndoo inarudi mzanini. Wakipatana ndipo karani anabonyeza. Tulifanya hivyo enzi za daftari na hatujaacha. Mimi mwenyewe ndoo yangu niliirudisha mara tatu.

Alivipokea vitambaa vyake kwa Shomari.

— Sasa nawauliza, — aliendelea Kabula, akivikagua vitambaa pindo kwa pindo. — Katika hizo dakika nne, ni sisi tunaoisubiri mashine, au ni mashine inayotusubiri sisi?

Deus alitazama simu yake ambayo haikuwa imelia. Shomari alianza kutunga uzi kwenye sindano yenye uzi tayari. Majidi alipitisha kidole kwenye majedwali, mstari kwa mstari. Kila tarakimu ilipimwa kwenye chumba cha majaribio cha watengenezaji, ambamo hakuna mtu anayetaja uzito wa ndoo yake. Na yeye, msimu mzima, alikuwa amekaa ofisini mjini akisoma kumbukumbu. Hakuwahi kusimama kwenye foleni hata siku moja.

Simu ya Majidi ililia.

— Majidi, ipi? — aliuliza katibu.

— Sijui, Katibu.

— Hujui? Wiki tatu nzima?

— Wiki tatu nilikuwa naziangalia mashine. Sikuiangalia kazi yenyewe. Nipe mpaka kesho jioni.

— Kesho jioni ndiyo mwisho. Ukija na 'sijui' nyingine, tafuta kazi kwingine.

Simu ilikatika. Majidi aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

— Mama, leo Ipole wanapima?

— Wanapima mpaka Jumamosi.

— Gari lenu linaondoka saa ngapi?

— Likijaa, — alisema Kabula, akinyanyua kapu lake. — Kiti changu nimeshashika; limebakiza mtu mmoja.