Kasyoki wa Japani na Mizani ya Kwa Vonza

Benchi ya Kalekye, muuza kahawa, iko sokoni Kwa Vonza, mbele ya duka la kununua ndengu za wakulima, mbao moja juu ya mawe mawili, na hapo ndipo sumo ya Japani ilipopata mashabiki wa Ukambani. Ilianza kwa mzaha, Mulwa wa bodaboda akiwaonyesha kwenye simu vibonge wawili wakisukumana, na sasa ni siku ya kumi na tatu ya mashindano ya siku kumi na tano na hakuna anayenunua kahawa bila kuuliza matokeo. Majina ya Kijapani yaliwashinda, basi wakawapa ya kwetu: jitu la kilo mia moja tisini likaitwa Mbooni, kama vile vilima vya Mbooni, na kale kadogo ka kilo mia moja, kipenzi cha Kalekye, kakaitwa Kasyoki. Kasyoki alikuwa na ushindi saba. Akipata wa nane hashuki daraja, lakini alikuwa ameangushwa siku nne mfululizo, na leo alikuwa anapewa Mbooni. Na Kalekye, miaka ishirini na mbili, mtoto wake Jonah, wa miezi minane, mgongoni, alikuwa amejiambia jambo ambalo hakumwambia mtu: Kasyoki akishinda, ndipo nitaenda kliniki. Maana kilo za Jonah zimekwama kwa sita na nusu miezi miwili, na nesi alisema zikikwama tena leo mtoto anapelekwa Kitui kulazwa, na kliniki inafunga saa saba, na hii ilikuwa saa tano.

— Mama Jonah, sogea kidogo, unaipumulia simu, alisema Mulwa. Jina lake la benchi ni VAR, kwa sababu hakuna ugomvi hapo sokoni ambao hajaurudisha nyuma na kuuangalia upya.

— Mbona hawaanzi?

— Wanarusha chumvi kwanza. Ya kutakasa uwanja.

— Hapo ndipo mimi huachana nao, alisema Kivuva, shemasi, ambaye benchi humwita Amina. Chumvi yote hiyo, na hakuna hata nyama hapo!

— Jana ulishangilia mpaka ukamwaga kahawa.

— Nilishangilia mtu. Chumvi sikuishangilia.

Muindi, mwenye duka la ndengu, alicheka puani. Yeye ni Kilo, na akiongea juu ya uzito watu hunyamaza.

— Nyinyi uzito hamuujui. Kitu kikipita kilo mia moja hamsini kinaanza kujivuta chenyewe. Mbooni hasukumwi. Anasubiriwa tu aanguke.

— Unajua wananenepaje? aliuliza VAR. Asubuhi hawali. Mchana wanakula sufuria nzima, halafu wanalala. Mwili unadhani kuna njaa, unaweka akiba.

— Basi kule Kanyangi, miaka ya ukame, tungekuwa mabingwa wote.

— Shida yenu hamkulala, shemasi.

— Mimi nawaambia Kasyoki ni damu yetu, alisema Amina. Muangalie paji la uso. Babu yake alikuwa mchongaji, akapeleka twiga wa mbao Japani. Twiga waliuzwa, babu hakurudi.

— Na zile nywele zimenyookaje?

— Nywele ni hali ya hewa.

Kalekye alitaka kucheka lakini wale wawili walikuwa wamechuchumaa, ngumi chini, macho kwa macho, halafu Mbooni akachomoka kama lori lisilo na breki, na Kasyoki, badala ya kumpokea, akapiga hatua moja tu kando. Basi. Jitu likapita, likatoka nje ya duara, likaangukia watu.

— Nane! alipiga kelele VAR. Nane, shemasi!

— Amina!

Benchi ilipinduka, birika ikaokolewa, na Jonah akaamka analia. Ndipo Kilo akamfinya shavu, akauliza kwa utani:

— Na bingwa wetu huyu ana kilo ngapi?

Na Kalekye akayamwaga yote, bila kupumua, kwamba sita na nusu, na mwezi uliopita sita na nusu, na nyonyo ananyonya na uji anakunywa, na ameahidi ataenda Kasyoki akishinda na sasa ameshinda na miguu haitaki, haitaki kabisa, watamlaza.

VAR aliitia simu mfukoni.

— Si tumpime hapa kwanza? alisema Amina. Ukienda huko unaenda ukijua.

Lilionekana wazo la maana. Walimfunga Jonah kwa leso, wakamtundika kwenye mizani ya Kilo, pale mlangoni inaponing'inia, VAR akishika miguu isiguse gunia. Mshale ulitetemeka, ukatulia.

Sita na nusu.

Kalekye alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi.

Wakati huo mama mmoja wa makamo, Kasiva, alikuwa amefika na gunia lake la ndengu kichwani, akisubiri zamu ya mizani. Aliangalia mshale. Aliangalia mama mtoto.

— Muindi, alisema. Kabla huyu msichana hajalia. Hii mizani yako hupunguza ngapi?

Shemasi aliangalia viatu. Kilo akisema haipunguzi, Jonah amekwama. Akisema inapunguza, Jonah ameongezeka, lakini kila aliyewahi kumuuzia ndengu, kutoka hapa mpaka Kanyangi, atarudi hapo mlangoni. Kalekye alikuwa hajawahi kumuombea mtu yeyote awe mwizi, lakini sasa alimuombea Kilo, kwa moyo wake wote, kwa jina la Yesu.

— Nimekuuliza polepole, mwanangu, alisema Kasiva.

— Mwaitu, mama yangu... alianza Kilo.

Alimtoa mtoto kwenye ndoano, akampima kwa mikono, mara mbili, kama mtu anayeshika deni la siku nyingi.

— Mpeleke kliniki, mama Jonah, alisema, na sauti ilikuwa ndogo. Mpeleke. Huyu si sita na nusu.

— Ni ngapi basi? aliuliza Kasiva.

Lakini Kalekye alikuwa tayari amepanda pikipiki ya VAR, mtoto kifuani, kitabu cha kliniki kati ya meno, na nyuma yake Kasiva alikuwa ameshusha gunia, akalikalia, akisubiri.