Nguo ya Kulalia Haipimwi Mtu Amesimama

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Mkuu wetu wa Chuo, unayestaafu leo na bado umekuja na faili kwapani, Mama, mke wa Mkuu, ambaye kuanzia kesho tunakukabidhi mtu wako mchana kutwa, pole, walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mpiga picha, unayesubiri nifungue mdomo ndipo upige: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote hamjambo?

Mshereheshaji amenipa dakika saba, akaninong'oneza nizungumzie mafanikio ya Mkuu. Mafanikio yameshasemwa na watu watano walionitangulia: paa jipya, kisima, uzio. Uzio umesemwa mara mbili. Mimi ni mwalimu wa ushonaji, karakana ile ya mwisho nyuma ya stoo, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na mtu huzungumzia anachokijua. Kwa hiyo nitazungumzia nguo za kulalia za Mkuu.

Msicheke bado. Na wewe Mama, tafadhali usinikodolee macho, yote niliyoyaona niliyaona kikazi.

Wageni wetu huenda hamjui kwamba walimu wa chuo hiki tuna kawaida yetu. Kila mwaka mitihani ikiisha tunabeba mabegi mgongoni, tunapanda mlima siku tatu, tunalala kwenye mahema. Mwaka juzi Mkuu akasema naye yumo. Tukafurahi, na tukaogopa kidogo. Akaja na pajama ya hariri, imepigwa pasi mpaka ina mstari mbele ya suruali. Kambi ya kwanza iko chini, kuna joto, akapendeza kuliko sisi sote. Kambi ya pili iko juu, na baridi ya huko inagandisha maji kwenye chupa. Asubuhi mwalimu wa umeme akaenda kumwamsha, zipu ya hema ikafunguka, Mkuu akatoka. Alikuwa na pajama yake, juu yake koti la mvua, taulo shingoni, na suruali yake ya akiba ameivaa mikononi, mguu mmoja mkono huu, mguu wa pili mkono huu.

"Mkuu, umeamkaje?"

"Salama kabisa," akajibu, meno yanagongana.

Je, kuna mwalimu aliyecheka mbele yake? Hakuna. Tulikwenda nyuma ya jiwe kubwa, mmoja mmoja, kwa adabu, tukacheka huko.

Tuliporudi mjini akaniita ofisini, akafunga mlango. "Mwalimu, nimezunguka madukani. Zenye joto zinajaza begi zima, na zinazoingia begini hazina joto. Nishonee wewe. Lakini jambo hili lisitoke nje ya chumba hiki." Nikamwambia, "Mkuu, niamini." Naomba radhi, Mkuu. Nimejitahidi karibu miaka miwili, na nadhani hata wewe hukutegemea ningefika huku.

Tukachukua mablanketi mawili mepesi, yale laini yenye manyoya mafupi, na fulana za zamani za kutia bitana. Mkuu akaja karakana, nikawaapisha wanafunzi nao wasiseme, akasimama wima, kifua mbele, kama anayeimba wimbo wa taifa. Nikampima mabega, kiuno, urefu wa mguu, kila kitu kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha. Nikakata, nikashona. Akavaa, akatembea huku na huku mbele ya wanafunzi thelathini na mmoja, nguo imemkaa sawasawa, nami nikajisikia fundi kwelikweli. Kisha nikamwomba ajilaze kwenye meza ya kukatia na ajikunje kama anavyolala. Loo! Shati likapanda mpaka katikati ya mgongo. Suruali ikakimbilia magotini. Na baridi ya mlimani inaingilia hapohapo.

Sasa, kuna mwanafunzi wetu tunamwita Shangazi, kwa kuwa amewazidi wenzake wote umri. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mfanya usafi wa hospitali, miaka tisa anapiga deki kati ya vitanda vya watu waliolala. Akasema kutoka kule nyuma, kwa upole kabisa, "Samahani, Mwalimu. Mbona tumempima amesimama? Kwani atalala amesimama?"

Nawaulizeni, ndugu wageni, mmewahi kuona darasa zima linamgeukia mwalimu wake kwa pamoja? Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo nimeshona pajama za watu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza swali hilo.

Tukampima upya, amejikunja, magoti karibu na kifua. Tepu ikapita mgongoni kutoka kisogoni mpaka kiunoni, ikazidi kile kipimo cha kwanza kwa upana wa kiganja changu. Tangu siku ile, karakana yetu haimpimi mtu nguo ya kulalia mpaka alale. Tatizo likawa moja tu: tulipofika kwenye miguu, Mkuu alikuwa ameshapitiwa na usingizi. Nani amwamshe Mkuu wa Chuo? Tuliendelea kukata kazi za watu wengine pembeni yake kwa dakika arobaini, tunasukuma mkasi polepole. Mhasibu akaja na karatasi za kusainiwa, akamwangalia yeye, akatuangalia sisi, akarudi alikotoka.

Nguo iliyotoka pale, jamani, acheni nijisifu. Mgongo wake mrefu unafungwa na suruali kwa vifungo vya kubonyeza, ugeuke utakavyo haufunuki. Mikono inavuka vidole na ina tundu la dole gumba. Ukiwa kambi ya chini kwenye joto, unaibandua mikono kwa zipu, na zipu yenyewe inapita mbele ya bega, si juu yake, maana Shangazi alitukumbusha kwamba mtu hulalia bega. Miguu nayo inabanduka magotini. Soksi zimeshonewa mwishoni, usipozitaka unazikunja. Asubuhi unaisokota yote ndani ya kofia yake, unavuta kamba, na begini haizidi mkate mmoja.

Mwaka jana, kambi ileile ya juu, tulimwita Mkuu mara tatu ndipo akaamka. Akanywa chai nayo. Akapiga picha ya pamoja nayo. Akashuka nayo mlima mzima mpaka getini, akawapa mkono walinzi mmoja mmoja kama mgeni rasmi. "Mwalimu," akaniambia, "hii ndiyo nguo ya kwanza kunielewa."

Hapa sasa ndipo pagumu, na mshereheshaji naona ananionyesha vidole viwili. Vumilia.

Miezi miwili iliyopita nilipokea nakala ya barua inayokwenda kwa Bodi. Inasema ushonaji umepitwa na wakati, kwa kuwa nguo za kila aina zinapatikana madukani. Kwa hiyo karakana ifungwe muhula huu ukiisha, na chumba kiwekwe kompyuta. Saini ni ya Mkuu. Niliisoma nimekaa kwenye meza ileile ya kukatia. Iliniuma. Nasema wazi mbele ya watu, iliniuma, nikalia. Shangazi amebakiza muhula mmoja apate cheti, na ana oda za nguo za kulalia kutoka kwa wapanda milima ambao hata sisi hatuwajui. Akaniuliza, "Mwalimu, sisi sasa twende wapi?"

Nikaenda ofisini. "Mkuu, nguo za kila aina?"

Akainamisha kichwa. "Mwalimu, siyo mimi. Ni takwimu."

Takwimu! Mheshimiwa Mwenyekiti, takwimu hazijawahi kukoroma kwenye meza yangu.

Jamani, simsemi vibaya. Mwaka ule mvua ilipovujia karakana, huyuhuyu alivua viatu, akakunja suruali, akahamisha cherehani pamoja nasi, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Ni mtu mwema, na ndiyo maana nimeshindwa kumkasirikia vizuri. Nimejaribu, Mama. Nyumbani kwangu wanajua.

Bodi inakutana Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na Mkuu bado ni Mkuu mpaka saa kumi na nusu. Aliyeandika barua anaweza kuiondoa, tena kwa mstari mmoja tu.

Sasa zawadi. Shangazi, simama, iinue juu waione. Mkuu, hii ni nguo mpya ya kulalia, kijani, rangi unayoipenda, imekatwa kwa vipimo vyako vya kujikunja. Ina kofia. Ina soksi. Ina mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uko karakana, umekatwa lakini haujashonwa. Utashonwa muhula ujao, na wanafunzi wa muhula ujao. Karakana ikiwepo, Shangazi mwenyewe atakuletea mpaka mlangoni. Isipokuwepo, basi Mkuu wetu mpendwa, itabidi ulalie mkono wa kulia maisha yako yote.

Tunakupenda, tunakushukuru, na tunakutakia mapumziko mema. Sasa ni saa tisa na dakika ishirini, na ofisi yako haijafungwa. Asanteni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.