Mama Baridi na Safari Zake Kumi na Tisa

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa pili kati ya watano wa karani wa posta na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Mdogo wake, aliye nasi hapa, anasimulia kuwa Mama akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yao, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkononi. Redio ikaendelea kuimba kama kawaida, naye hakuisema ile skrubu mpaka mzee alipostaafu.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1970, akajiunga na chuo cha ufundi, mwanamke pekee kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mkufunzi alimwelekeza kwa upole kwamba darasa la upishi liko jengo la pili. Akamjibu, "Mwalimu, nimekuja kutengeneza friji, sikuja kuijaza." Alihitimu mwaka 1973.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika bohari ya chanjo kama fundi wa vyumba vya baridi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane. Ndiko alikopata jina la Mama Baridi. Wasiomjua walidhani ni la tabia, mpaka waliposikia akicheka. Kuanzia mwaka 1982 alikuwa akitumwa nje ya nchi kufunga na kutengeneza mitambo, mara wiki tatu, mara miezi minne. Safari zote zilikuwa kumi na tisa.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, marehemu baba yetu, aliyetutangulia mwaka 2009. Walijaliwa watoto watatu. Kitinda mimba, aliyeombwa na ndugu zake kuandika wasifu huu, amekubali kueleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi kabla ya kila safari, Mama aliwapeleka wanawe matembezi ya karibu: bwawani, bustani ya maua, au kilimani kwenye mnara wa simu. Alichemsha mayai, akajaza chupa ya chai, akawapakia wote kwenye gari dogo la Baba. Kwake ilikuwa zawadi. Watoto walijua maana yake. Wakisikia mayai yakigongana sufuriani, waliacha kucheza, kwa sababu baada ya matembezi kulikuwa na sanduku mlangoni.

Mwaka 1991 kitinda mimba alikuwa na miaka saba. Alijishawishi kwamba matembezi yasipokuwepo, safari nayo itakufa. Akaficha ufunguo wa gari ndani ya gunia la mkaa. Matembezi yakavunjika. Mama akaondoka hivyo hivyo, na siku ya nne serikali ya nchi aliyokwenda ikapinduliwa, simu zote zikakatika. Kwa siku kumi na moja Baba hakunyoa ndevu. Mtoto alikaa sebuleni akiikodolea macho simu, ameganda kwa hofu, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake. Mama alirudi amekonda, mzima. Ufunguo ulionekana mkaa ulipokwisha, na kila mtu akamlaumu paka.

Mwezi Februari 2024 madaktari waligundua kuwa moyo wake umechoka na hausukumi damu inavyopaswa. Alihamia kwa kitinda mimba. Mwezi Aprili alisema, kama anayeomba maji, "Mwanangu, nipeleke bwawani Jumamosi." Binti akaitikia, kisha akaanza kutafuta visingizio. Wiki ya kwanza alisingizia tairi, ya pili mvua, ya tatu akasema daktari amekataza, na daktari hakuwa ameulizwa. Akimpeleka, Mama ataondoka. Asipompeleka, ataondoka bila kuagwa, kama ule mwaka. Usingizi ulimpaa.

Jumamosi ya tarehe 18 Mei alikubali. Waliegesha gari karibu na maji, vioo vimeshushwa, blanketi magotini.

"Ulikuwa unaniogopa nini wiki zote hizi?" Mama aliuliza.

"Si wewe, Mama. Naogopa matembezi. Tangu utoto. Yule paka hakuwa na kosa, ufunguo niliuficha mimi."

Mama alimgeukia. "Kumbe. Na mimi nilikuwa nawatoa kwa sababu nilikuwa naogopa. Ndege, hoteli, lugha za watu. Nilitaka niwatazame siku nzima, nikifika huko niwe nawaona. Ule mwaka nilikwenda mikono mitupu."

"Na sasa unaogopa?"

"Naogopa sana, mwanangu. Sogea karibu."

Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mama hakutazama maji hata mara moja. Alimtazama mwanawe.

Alifariki dunia nyumbani Alhamisi, tarehe 23 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Ameacha mdogo wake mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, na mafundi wengi aliowafundisha kazi. Kitinda mimba wake bado anaogopa, na angetoa chochote apewe zile Jumamosi tatu.

Mungu amlaze mama yetu pema, na ampe amani huko alikofika.